Kistari na Silabi: Ju-nda au Jun-da?

Kistari (-) ni alama ndogo katika uakifishaji, lakini matumizi yake hudhihirisha kama mwandishi anaielewa sarufi ya lugha anayoiandika. Makala haya yanajadili kistari kinachotumiwa kukata neno mwishoni mwa mstari.

Tuchukue jina Junda, mtaa ulioko Kisauni, Mombasa. Likifika ukingoni mwa ukurasa, tulikate wapi? Aliyezoea Kiingereza, au anayetumia kompyuta iliyowekewa kanuni za Kiingereza, huenda akaandika Jun-da. Hilo ni kosa. Silabi za Kiswahili aghalabu ni wazi, yaani huishia kwa irabu, na *nd* ni mwambatano usiotenganishwa. Basi tuandike Ju-nda. Vivyo hivyo Mo-mba-sa, Cha-nga-mwe na Ba-mbu-ri. Kisauni nalo lina silabi nne, Ki-sa-u-ni, kwa kuwa *a* na *u* hutamkwa kila moja peke yake. Baadhi ya maneno ya mkopo yana silabi funge: lab-da, mak-ta-ba.

Nazali huhitaji uangalifu zaidi. Katika "mtu mbaya", *m* ni silabi kamili: m-ba-ya. Katika "nyumba mbaya", *m* imeambatana na *b*: mba-ya. Kwa macho neno ni lile lile. Kwa sikio, la kwanza lina silabi tatu na la pili mbili. Mshairi anayetafuta mizani nane katika kila kipande hawezi kulipuuza jambo hili, wala mhakiki anayemsahihisha. Hata hivyo, silabi ya herufi moja isiachwe pweke ukingoni. Ni afadhali neno zima lihamie mstari unaofuata.

Aidha, tusichanganye silabi na mofimu. Neno "anasoma" lina silabi a-na-so-ma, ilhali mofimu zake ni a-na-som-a. Kistari ni kimoja, mipaka ni miwili. Mwanafunzi asiyesoma swali vizuri hupoteza alama kwa jibu ambalo lingekuwa sahihi mahali pengine.

Kwa kuhitimisha, kabla ya kukata neno, litamke polepole, kisha uifuate sauti yake wala si mazoea ya lugha nyingine.

Zoezi: Bainisha silabi za maneno haya: Kongowea, Mishomoroni, ng'ombe, ndizi, nchi. Eleza kwa nini *n* ya "nchi" si sawa na *n* ya "ndizi".