Kutafuta Chanzo cha Hitilafu: Mfano wa Kadi za Mtandao za Mwaka 2008

Kadi ya mtandao ni chombo. Kiendeshi ni programu inayokiamuru chombo hicho. Baina ya hivyo viwili hapana budi pawepo mapatano, na mapatano hayo yakivunjika mtumiaji huona jambo moja tu: kompyuta yake haipati mtandao. Ishara ni moja, lakini sababu zaweza kuwa nyingi, na mara nyingi mchunguzi hupotea kwa kuishika ile iliyo karibu zaidi na ishara.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kiendeshi kinavyoitambua kadi yake. Kila kadi ya aina ya PCI hubeba namba mbili, kila moja ya biti 16: namba ya mtengenezaji na namba ya chombo. Ya kampuni ya Intel, kwa mfano, ni 8086 katika kizio cha kumi na sita. Kiendeshi nacho kina orodha ya namba kinazozifahamu; kadi isiyokuwemo humo aghalabu hubaki bila mwendeshaji, ijapokuwa ni nzima. Katika mfumo huria wa Linux, amri ya lspci huzionyesha namba za kadi, na orodha ya kiendeshi i wazi kwa yeyote atakaye kuisoma.

Ikiwa namba zinaafikiana na kadi bado imelala, husomwa ujumbe ulioachwa na kiini cha mfumo. Kiendeshi cha e1000e, kinachohudumia kadi kadhaa za Intel, hukagua kwanza kumbukumbu ya kudumu ya kadi, ambamo pia huhifadhiwa anwani yake. Maneno 64 ya mwanzo, kila moja la biti 16, hujumlishwa, na chochote kinachozidi biti 16 huachwa. Jumla hiyo lazima iwe BABA katika kizio cha kumi na sita, yaani 47,802. (Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu kuikumbuka.) Mathalani, ikiwa maneno 63 yametoa 50,000, neno la mwisho ni 47,802 kutoa 50,000 kujumlisha 65,536, yaani 63,338. Jumla ikikosekana, kiendeshi hukataa kuiwasha kadi.

Mwezi Septemba 2008 ujumbe wa namna hiyo ulizusha hofu. Waliokuwa wakijaribu matoleo ya awali ya kiini cha Linux 2.6.27 waligundua kwamba kumbukumbu za kadi zao zilikuwa zimeharibiwa. Kurudia toleo la zamani hakukusaidia, kwa kuwa uharibifu ulikuwa ndani ya chombo chenyewe. Kiendeshi kilishukiwa mara moja. Wengine walizishuku programu za michoro.

Kwa kawaida badiliko lenye kosa hutafutwa kwa kugawanya nusu kwa nusu: kati ya mabadiliko 10,000, majaribio 14 yanatosha kulipata moja. Hapa, hata hivyo, kila jaribio lililoonyesha kosa lingeweza kugharimu kadi nzima. Kwa hiyo wahandisi walianza kwa kuifunga kumbukumbu hiyo isiandikwe, na kinga hiyo ilikuwamo katika toleo la 2.6.27 lililotoka tarehe 9 Oktoba 2008.

Chanzo kilipopatikana, hakikuwa katika kiendeshi. Kilikuwa ftrace, chombo kipya cha kufuatilia mwenendo wa kiini. Hicho kiliweka kumbukumbu ya mahali fulani katika programu ili kirudi baadaye kupabadilisha. Baadhi ya sehemu hizo zilikuwa za kuanzishia tu, nazo zilitupwa baada ya kazi. Anwani zao zikaweza kupewa kumbukumbu ya kadi ya mtandao. Ftrace ikarudi kama mpangaji wa zamani mwenye ufunguo wake, asiyejua kuwa nyumba imepangishwa mwingine.

Hata hivyo ftrace ilikuwa na tahadhari: ilitumia amri ya kulinganisha kwanza, na kubadilisha ikiwa tu kilichomo ndicho kilichotarajiwa. Hapa ndipo palipo na siri ya mkasa wote. Katika vichakato vya jamii ya x86, amri hiyo huandika hata ulinganisho ukishindwa: hurudisha thamani ile ile iliyosomwa. Katika kumbukumbu ya kawaida hakuna dhara. Lakini anwani ikiwa ni ya chombo, kuandika ni kukitolea amri, nacho hakiulizi kama thamani ni ya zamani au mpya.

Toleo la 2.6.27.1, la tarehe 15 Oktoba 2008, liliizima sehemu hiyo ya ftrace, na baadaye ikaundwa upya ili mahali pa kubadilishwa pajulikane tangu programu inapotafsiriwa. Ama kadi zilizokwisha kuharibika, nafuu ilikuwa kwa wale waliotangulia kunakili kumbukumbu zake kwa programu ya ethtool, kwani walikuwa na nakala ya kurudishia.