Valvu Bila Koti

Safari hii nimeona niandike juu ya kitu ambacho wengi wetu tunapita chini yake kila siku: mabomba ya kwenye dari na kwenye vyumba vya mitambo vya majengo ya chuo. Najua si mada tamu kama siasa za nyumbani. Wanaosoma uhandisi watanielewa, na wasiosoma wavumilie kidogo, hesabu zenyewe ni za kuzidisha tu.

Vitabu vyetu vingi vimeandikwa kwenye nchi za baridi. Kule Marekani vyuo vingi vina nyumba moja ya boila, na mvuke unapita kwenye mahandaki kwenda kupasha joto majengo. Kwa hiyo sura ya kufunika mabomba inazungumzia mvuke tu. Sasa wewe uko Maskati, nje nyuzi 42, nani anataka kupashwa joto? Hapa mabomba makubwa yanabeba maji baridi. Yanatoka kwenye mtambo wa kupozea yakiwa nyuzi 6 au 7, yanazunguka majengoni na kurudi yakiwa nyuzi 12 au 13. Mvuke nao upo, ila kwa kazi maalumu: dobi, majiko makubwa, mashine za kuua vijidudu hospitalini. Valvu ni ileile, flenji ni ileile, lakini maadui ni wawili. Dawa ya mmoja ukimpa mwingine unaharibu.

Tuanze na mvuke. Ukiingia chumba cha boila, bomba lililonyooka utalikuta limevaa vizuri, sufi ya madini ndani na bati la alumini nje. Ukifika kwenye valvu, flenji au chujio, nguo inakatika, chuma kiko uchi. Sababu ni mbili. Kwanza, vitu hivi vina umbo gumu, mkandarasi anaviruka. Pili, hata vikifunikwa, siku vikivuja fundi anakata kifuniko, anatengeneza, anaondoka. Kurudisha kifuniko si kazi yake, na mwenye kazi hiyo hajaitwa.

Je, kinapotea nini? Chukua valvu ya bomba la milimita 100 pamoja na flenji zake. Eneo lake la nje ni kama nusu mita ya mraba. Mvuke wa baa 7 una nyuzi 170, chumba kina nyuzi 40, tofauti ni 130. Chuma kitupu cha moto namna hiyo hutoa kama wati 14 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha: 0.5 mara 130 mara 14, unapata wati 910. Yaani umeacha hita ya umeme inawaka chumbani, kwenye joto la Maskati! Ikiwa boila inafanya kazi saa 12 kwa siku, mwaka mzima ni kama kilowati-saa 4,000. Boila yenyewe inapoteza kama sehemu moja ya tano ya nishati, kwa hiyo mafuta yanayohitajika ni ya kilowati-saa 5,000, karibu lita 500 za dizeli. Hiyo ni valvu moja. Hebu zihesabu zilizomo chumbani.

Dawa yake ni koti la kuvua na kuvaa: kitambaa cha nyuzi za kioo nje, sufi ya madini ndani, mikanda ya kufungia. Linazuia asilimia 80 hadi 90 ya hasara hiyo, na fundi anaweza kulivua bila kisu. Ila angalia, si kila kitu kinavikwa. Baadhi ya mitego ya mvuke hufanya kazi kwa kupoa. Ukiivisha koti, maji yanakwama nyuma yake na mashine inayotumia mvuke huo inapoa.

Sasa upande wa baridi, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Valvu ileile, maji ya nyuzi 7, chumba nyuzi 40. Tofauti ni 33 tu. Joto linaloingia kwenye maji ni kama wati 165, ongeza kama 100 za unyevu unaoganda juu ya chuma na kuwa maji. Mtambo wa kupozea ukitoa baridi mara nne ya umeme unaokula, hasara ni wati 65, sawa na globu moja ya zamani. Ukimpelekea bosi hesabu hiyo peke yake atakucheka.

Lakini tazama sakafuni. Kiangazi cha Maskati hewa hufika nukta ya umande ya nyuzi 27, maana yake kitu chochote chenye ubaridi chini ya hapo kinatoka jasho. Kwa hesabu yangu valvu hiyo inaweza kutoa lita 3 za maji kwa siku. Maji yanashuka kwenye kifuniko cha bomba la jirani, kinalowa, na kifuniko kilicholowa hakizuii tena joto. Chuma kinaoza ndani bila kuonekana. Dari zinafanya madoa meusi, ukungu unaingia vyumba vya kulala, na mwanafunzi mwenye pumu ndiye anayelipa. Upande wa mvuke tunapoteza mafuta. Upande wa baridi tunapoteza jengo.

Kwa hiyo koti la mvuke ukilivisha valvu ya baridi umefanya ubaya. Hewa yenye unyevu inapenya kwenye mishono, inafika kwenye chuma, inageuka maji, na sufi inageuka sponji. Upande wa baridi unataka mpira wa povu wenye vitundu vilivyofungika, ugundishwe kila ungio, na kizuizi cha unyevu kiwe upande wa nje. Mzee mmoja fundi, katika hawa Waomani waliotoka Unguja, nilimuuliza, “Ami, kwa nini hii hamuiachii mikanda kama ile ya mvuke?” Akanijibu, “Mwanangu, ile ya moto tundu dogo ni hasara ndogo. Hii ya baridi tundu dogo ni mfereji.” Mimi sijaona kitabu kilichoeleza vizuri zaidi.

Bei nayo imebadilika. Tangu Januari 2017 wateja wakubwa wa umeme Oman, zikiwemo taasisi za serikali, walianza kulipa kwa gharama halisi. Wakati huo kiwango kilikuwa zaidi ya megawati-saa 150 kwa mwaka, na bei hupanda kufuatana na saa na miezi. Globu zetu za wati 65 zinawaka zaidi mchana wa kiangazi, wakati umeme ni ghali.

Anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, huu hapa. Ila ukipima kwa kipimajoto cha miale, usilenge alumini inayong'aa, itakudanganya. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, lenga tepu.

Na nyumbani? Viwanda vya chai vya Kericho vinachoma kuni kwenye boila. Hasara ya kilowati-saa 4,000 kwa boila ya kuni ni kama tani moja na nusu ya kuni kila mwaka, kwa valvu moja. Hospitali zetu kongwe nazo zina mabomba ya mvuke, lakini huko usiguse kifuniko cheupe cha zamani kabla hakijapimwa, huenda ni asbesto.

Koti nalo liandikwe namba ya valvu yake, na fomu ya matengenezo isitiwe saini mpaka koti limerudi mahali pake. Bila hivyo baada ya miaka miwili utayakuta yote yamerundikwa nyuma ya boila.