Ukuta Uliofika Nusu: Somo la Katikati ya Mwaka

Mwaka umefika katikati, na miezi iliyopita hairudi. Siku za mwaka mpya wengi wetu tulisema mioyoni mwetu, au mbele ya watu wa nyumbani, kwamba mwaka huu tutafanya jambo fulani. Mmoja alisema ataezeka nyumba yake kwa bati. Mwingine alisema atapata mtumbwi wake mwenyewe, asivue tena katika mtumbwi wa mtu. Mama mmoja alikusudia kujua hesabu vema hata aweze kushika daftari la kikundi, na kijana alikusudia kurudia mtihani uliomshinda. Je, makusudi hayo yako wapi sasa? Hatuulizi ili kumshitaki mtu. Twauliza kwa sababu huu ndio wakati ambao makusudi hufa kimya kimya, wala hapana mtu wa kuyalilia.

Somo letu latoka katika kitabu cha Nehemia, sura ya 3 mpaka ya 6. Twawaomba wainjilisti na waalimu wazisome sura hizo mbele ya watu kabla ya mazungumzo, maana hapa tutazitaja tu.

Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kwa siku 52. Kazi ile haikufanywa na mafundi peke yao. Walikuwapo wafua dhahabu na watengeneza manukato, na mkuu mmoja alijenga pamoja na binti zake. Tena angalieni jinsi ilivyogawanywa: wengi walijenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe. Basi kazi ya mtu ilikuwa yake kweli, kwa kuwa pengo lililokuwa mbele ya mlango wake lilihatarisha watoto wake kwanza. Hata hivyo ilikuwa kazi ya mji mzima, maana adui hahitaji mapengo mengi, lamtosha moja. Wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao, lakini watu wa kwao walimaliza sehemu yao wakatwaa na sehemu ya pili. Watu wa namna hizo mbili twawajua hata visiwani kwetu.

Hivyo ndivyo tunavyopenda kuyafahamu makusudi ya mtu katika kijiji. Yule anayetaka bati atakaa chini ya bati hilo mwenyewe, wala si sisi. Lakini mvua ikiingia ndani na mtoto wake akiugua, usiku ule ni sisi tutakaomchukua mgonjwa mpaka penye mtumbwi.

Ukuta ulipofika nusu ya kimo chake, ndipo taabu zilipozidi. Wachukuzi walinung'unika kwamba nguvu zimepungua na kifusi ni kingi. Jambo hili ni la kweli sana. Siku ya kwanza mtu akitazama kifusi huona mawe ya kujengea; siku ya thelathini akitazama kifusi kile kile huona kifusi tu. Wala si kwamba kazi imeharibika, ila furaha ya kuanza imekwisha na furaha ya kumaliza bado iko mbali.

Lakini kuchoka si taabu kubwa kuliko zote. Mtu aliyechoka hulala, kesho yake akaamka. Katika sura ya 5 iko habari nyingine, nasi twataka kukaa hapo zaidi. Kazi ikiwa katikati, watu walipiga kelele, wala si juu ya adui walio nje, bali juu ya ndugu zao wenyewe. Walikuwa wameweka rehani mashamba na mizabibu yao ili wapate nafaka. Mtu alikuwa akijenga ukuta mchana kuulinda mji, na shamba lake mwenyewe limekwisha kuwa mkononi mwa jirani anayejenga karibu naye.

Sisi wa Bukoba na Muleba hatuhitaji kufasiriwa habari hiyo. Jina lake kwetu ni butura. Mbuni ukiwa bado una maua, au buni ikiwa bado mbichi mtini, mwenye shamba hupatwa na haja: ada ya shule, ugonjwa, au chakula tu. Huja mtu mwenye fedha, akainunua kahawa ile ingali juu ya mti, kwa bei ndogo sana kuliko ile ya wakati wa mavuno. Mwezi wa tano unapofika, na miezi inayofuata, mwenye shamba huchuma, huanika, hujaza magunia ya maganda, na jasho ni lake. Lakini kahawa si yake. Basi kusudi lake la kuezeka nyumba halikufa katikati ya mwaka. Lilikufa mwezi wa pili, ila yeye mwenyewe aliendelea kulitaja kwa kuwa aliona haya kusema kwamba limekufa.

Serikali imeyakataza mambo hayo mara nyingi, navyo vyama vya ushirika vimeyasema. Hayajakoma, kwa sababu yafanyika kwa siri, na yafanyika kwa siri kwa sababu njaa nayo ni jambo la siri. Mwenye kuuza huona aibu, na mwenye kununua haoni faida kulitangaza jambo lake. Nani hununua? Laiti wangekuwa wageni tu! Mara nyingi ni mtu wa kijiji kile kile, pengine ni shemeji, pengine ni mtu tunayeketi naye benchi moja. Nehemia hakuwaendea maskini na kuwahubiria habari za bidii. Aliwakusanya wenye kudai, akawataka warudishe mashamba, nao wakaahidi kurudisha. Twaona kwamba kuwaambia watu wadumu katika makusudi yao, pasipo kusema neno lo lote kwa wale wanaoyanunua makusudi hayo kwa bei ya ua, ni nusu ya somo, nayo ni ile nusu nyepesi.

Visiwani hali ni ile ile, ila imevaa nguo nyingine. Wasomaji wa mbali walijua Bumbire kwa habari ya Stanley, aliyenyang'anywa makasia hapa mwezi wa Aprili 1875, akarudi mwezi wa Agosti mwaka huo huo akawapiga watu risasi. Habari hiyo ni ya huzuni, wala siyo tuliyoikusudia leo. Bumbire ya sasa ni nchi ya migomba na ya wavuvi. Mvuvi wa dagaa huishi kwa mwezi wa mbinguni: usiku wa giza huenda ziwani na taa zake, na mbalamwezi inapong'aa hukaa nchi kavu, kwa kuwa dagaa hawaifuati taa penye mwanga. Kwa hiyo fedha yake huja kwa vipindi, tena huja nyingi kwa mara moja, na mwalo una njia nyingi za kuipokea. Mvuvi wa sangara naye mara nyingi hupewa nyavu au injini kwa mkopo na mnunuzi, kwa sharti kwamba samaki wote atawauza kwake, kwa bei aitakayo yeye. Twaweza kusema kwamba hiyo ni butura ya majini. Sangara mwenyewe ni mgeni katika ziwa hili, aliletwa katika miaka ya 1950 na ile iliyofuata. Lakini deni si geni.

Basi tufanyeje? Tusikie kwanza habari moja ya bara. Huko Bukoba Vijijini kuna kijiji kiitwacho Nyakatoke. Mwaka 2000 wataalamu walikaa na watu wake, nyumba 119, wakawauliza watu wazima mmoja mmoja: Ukipatwa na shida, ni nani unayeweza kumtegemea, na ni nani anayekutegemea wewe? Majibu yaliandikwa yote, kisha yakalinganishwa. Ikaonekana jambo la ajabu. Mara nyingi mtu alimtaja jirani kuwa tegemeo, na jirani yule alipoulizwa hakumtaja. Hatudhani kwamba watu wale walisema uongo. Huenda mmoja alikuwa akiegemea ukuta, na ukuta wenyewe haukujua kwamba unaegemewa.

Jambo hilo twaliona kuwa kubwa kwa mtu mwenye kusudi. Wengi husema, Ndugu zangu wapo, majirani wapo, sitaanguka. Lakini je, wamekwisha kuambiwa? Wajua kwamba unakusanya fedha za bati? Wajua ni mabati mangapi yaliyobaki? Katika Kihaya twasema okujuna, maana yake kusaidia na kuokoa, na vijiji vyetu vina vyama vya kusaidiana tangu zamani, hasa kwa mazishi na magonjwa. Katika mambo ya kufa hapana mtu asiyejua zamu yake: huyu ataleta kuni, huyu maji, huyu ndizi, na jina la asiyefika huandikwa. Kwa nini mambo ya kuishi tuyaache bila zamu?

Vikundi vya kuweka akiba vimetuonyesha mfano. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata hapana mmoja awezaye kulifungua peke yake. Watu hununua hisa siku ya mkutano mbele ya macho ya wenzao, na mwisho wa mwaka hugawana. Anayelipenda jambo hili si lazima awe mwenye tabia nzuri kuliko wengine. Yeye ni mtu dhaifu kama sisi, aliyekubali kwamba ufunguo wa pili uwe kwa jirani.

Hapo tutajibiwa neno, nalo ni neno la haki. Watu watasema: Nikitangaza kwamba nimeweka akiba, kesho mjomba atakuja na shida yake, keshokutwa michango ya arusi, na nikikataa nitaitwa mchoyo. Ni kweli. Jamaa na jirani huweza kulitegemeza kusudi la mtu, na hao hao huweza kulila likaisha. Hatuwezi kumshauri mtu kujificha. Aliyejificha ndiye hasa anayenaswa na butura, kwa kuwa hapana anayejua shida yake mpaka imekwisha kuuzwa. Wala hatumshauri mtu kuukimbia msiba wa jirani. Ila twaona michango ya arusi imezidi kiasi, na wazee wa mtaa wana uwezo wa kuipunguza kama wakitaka. Na mtu aliyesema mapema, mbele ya mashahidi, kwamba fedha hii ni ya ada ya binti yangu, huweza kusema hapana pasipo kutukana. Fedha isiyo na jina huonekana kuwa ya kila mtu.

Wengine watasema wamechelewa, umri umepita. Hao wamkumbuke Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa Kashenye katika Bukoba mwaka 1925. Alikuwa mwalimu wa shule kwanza. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1960, umri wake ukikaribia miaka 35, akawa askofu mwaka 1964. Mwezi wa sita wa mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Hatusemi kwamba kila arudiaye mtihani atakuwa askofu (wala maaskofu wengi hawahitajiwi), bali twasema kwamba miaka thelathini na mitano si jioni.

Sasa twawaombeni waalimu jambo hili. Katika kila mtaa liitwe baraza moja la makusudi, nalo liwekwe katika siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa nchi kavu, isije ikawa wake zao peke yao ndio wanaojibu. Kila mtu aje na kusudi moja tu, asilete matano. Aseme lilipofika, na aseme kilichobaki kwa hesabu: mabati kumi na mawili, au masomo mawili, au mita kadhaa za wavu. Kisha ataje watu wawili ambao angependa wamwulize habari zake kila mwezi, nao wawili wale wajibu kwa vinywa vyao wenyewe kama wamekubali au la. Akatayekubali aandikwe, akataaye asichukiwe.

Mwenye kahawa iliyokwisha kuuzwa mtini asilazimishwe kusema hadharani. Na aende kwa mzee mmoja amwaminiye, na mzee aende usiku kwa mnunuzi, bila kelele, amwulize kama aweza kupokea fedha yake aliyoitoa, pamoja na kiasi cha haki juu yake, na kuiacha kahawa. Wengine watakataa. Lakini mtu mmoja akikubali, nyumba moja itaezekwa, na habari itasikiwa. Baraza la pili liwe katika mbalamwezi ya mwezi wa nane, wakati magunia hayajatoka bado yote, ili kama liko la kuokolewa liokolewe.