Vidokezo 9 vya Kunyoosha Mwili kwa Wanaoshinda Wamekaa

Fundi cherehani anapofunga kazi saa kumi na mbili jioni, shingo imekaza na kiuno kinawaka moto. Dereva wa daladala naye ni vivyo hivyo, na karani aliyeshinda mbele ya kompyuta hana nafuu yoyote. Wengi huishia duka la dawa: vidonge vya maumivu na tyubu ya dawa ya kuchua. Vidonge hivyo vikizoeleka vinaweza kuumiza tumbo na figo, ilhali maumivu mengi ya aina hiyo hutulia mtu akibadili mkao na kunyoosha misuli, bila kutoa hata shilingi. Dakika kumi kwa siku zinatosha, mradi zitumike vizuri.

1. Pasha mwili kwanza

Misuli ikiwa ya baridi haivutiki vizuri. Tembea haraka dakika tano, fagia uwanja, au subiri utoke kuoga. Na ukiamka alfajiri, usikimbilie kuinama kugusa vidole vya miguu. Usiku mgongo unapopumzika, zile diski laini zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kujaa. Kuinama sana katika saa ya kwanza baada ya kuamka huzibana zaidi kuliko kuinama mchana, na mwenye kiuno kibovu hulijua hilo anapofunga kamba za viatu asubuhi.

2. Vuta polepole, tulia, hesabu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu anainama, anajirusharusha mara tatu, anasimama, anadhani amemaliza. Msuli ukivutwa kwa ghafla hujikaza wenyewe ili kujilinda, kwa hiyo kujirusha kunakupa kinyume cha unachotafuta. Vuta taratibu hadi uhisi msuli umekaza lakini hauumi, kisha tulia hapo hapo huku ukipumua kawaida. Ukijikuta umebana pumzi au umekunja uso, umevuka mpaka. Rudi nyuma kidogo.

Utulie kwa muda gani? Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani kinashauri sekunde 10 hadi 30 kwa watu wazima, na 30 hadi 60 kwa wazee, urudie mpaka kila msuli upate jumla ya sekunde 60. Siku mbili au tatu kwa wiki zinaleta faida, kila siku ni bora zaidi.

Katika wiki za mwanzo, msuli wenyewe haurefuki sana. Kinachobadilika zaidi ni mfumo wa fahamu, ambao unazoea kuvutwa na kuacha kupiga kelele mapema. Ndiyo maana ukiacha kwa muda mrefu unarudi ulikotoka, na ndiyo maana anayefanya kidogo kila siku humshinda anayejitesa saa nzima Jumapili moja kwa mwezi.

3. Anza na nyonga

Ukikaa, misuli ya mbele ya nyonga inabaki imejikunja kwa saa nyingi. Ukisimama inavuta kiuno kwa mbele, na wewe unasema mgongo unauma. Piga goti la kulia juu ya mkeka au mto, mguu wa kushoto uwe mbele, umeukanyaga chini, goti limekunjwa. Sasa kaza tako la kulia, ndipo usogeze nyonga mbele kidogo tu. Mvuto utausikia mbele ya paja la kulia, karibu na kinena. Usipokaza tako, utaishia kupinda kiuno na nyonga haitapata kitu. Badilisha upande.

Nikiambiwa nichague zoezi moja tu kwa dereva au fundi, nitachagua hili.

4. Tumia kanga kwa nyuma ya paja

Kuinama ukiwa umesimama na kushika vidole vya miguu kunamfaa asiye na tatizo la mgongo. Wengine wote, laleni chali. Pitisha kanga au kitenge kwenye unyayo wa mguu mmoja, shika ncha zake mbili, inua mguu huo hadi uhisi nyuma ya paja imekaza. Goti likikunjika kidogo hakuna ubaya. Mguu wa pili ubaki sakafuni, mabega yatulie, mikono ifanye kazi ya kuvuta. Mgongo umelala, hauna mzigo, na hapo ndipo uzuri wa zoezi hili ulipo. Ukisikia umeme au ganzi inashuka hadi kwenye kigimbi, punguza. Hapo unavuta neva, siyo msuli.

5. Kifua kwenye fremu ya mlango, shingo kwenye kiti

Simama mlangoni, weka viganja na viwiko kwenye fremu zote mbili, piga hatua moja mbele. Kifua kitafunguka. Kwa shingo, kaa wima na ulaze kichwa upande mmoja, sikio lielekee begani, bila kukivuta kwa nguvu. Na simu iinue ije usoni badala ya kuinamisha uso kuifuata.

6. Usisahau nyayo na vigimbi

Kidokezo hiki ni cha wanaosimama: mama lishe, mwalimu, mlinzi, muuzaji wa duka. Kuna maumivu ya kisigino yanayokuwa makali zaidi kwenye hatua ya kwanza asubuhi, halafu yanapungua ukitembea. Mara nyingi ni ule utando mgumu wa chini ya unyayo umechokozwa. Kabla hujashuka kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole, vivute kuelekea ugokoni hadi unyayo ukaze. Hesabu hadi kumi, legeza, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Jioni, viringisha unyayo juu ya chupa ya plastiki ya maji yaliyoganda. Inahitaji subira ya wiki kadhaa, lakini inasaidia wengi.

Vigimbi navyo: simama ukitazama ukuta, uusukume kwa mikono, mguu mmoja nyuma, kisigino chake kisinyanyuke. Zoezi hili ni zuri mno kwa mzee anayeamshwa usiku na msuli uliokaza. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2012 ulihusisha watu 80 wenye umri wa zaidi ya miaka 55. Walionyoosha vigimbi na nyuma ya mapaja kabla ya kulala kwa wiki sita walishikwa mara chache zaidi, na maumivu yalipungua ukali. Mfundishe mama au baba nyumbani leo. Ni dakika tatu tu.

7. Kabla ya mechi, usikae chini ukavuta

Vijana wa mchangani hukaa kwenye nyasi, miguu wameitanua, wanavuta kwa dakika nyingi kisha wanaingia uwanjani. Msuli uliovutwa mahali pamoja kwa zaidi ya dakika moja hupoteza nguvu kidogo kwa muda, hasa ya kuruka na kukimbia kasi. Kabla ya mchezo nyoosha kwa mwendo: kukimbia taratibu, kuinua magoti, kurusha miguu, kuzungusha nyonga. Programu ya FIFA 11+ iliyoandaliwa mwaka 2006 imejengwa kwa mazoezi ya kukimbia, ya nguvu na ya kujisawazisha, na huchukua kama dakika 20. Ilipojaribiwa kwa wasichana wa soka nchini Norway, hatari ya kuumia kwa jumla ilipungua kwa karibu theluthi moja. Kule kuvuta kwa utulivu kuwekeni baada ya filimbi ya mwisho.

8. Ijue faida yake ya kweli

Kunyoosha hakupunguzi kitambi, na maumivu ya misuli yanayokuja siku ya pili baada ya kazi nzito hakuyapunguzi kwa kiasi cha kutajwa. Pia hakuchukui nafasi ya kutembea: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki.

Faida yake ni viungo kuendelea kufika vinapotakiwa kufika. Kuchuchumaa na kuinuka bila kushika ukuta. Kurukuu na kusujudu bila kuomba kiti. Kufikia kopo juu ya kabati, kufunga vifungo vya gauni mgongoni. Mwenye kisukari alizingatie hili zaidi, kwa sababu bega kuganda humpata yeye mara nyingi kuliko wengine, na bega likishaganda huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, kulegea.

9. Jua wakati wa kuacha

Msuli uliochanika jana usiuvute, upumzishe kwanza. Mjamzito anyooshe kwa kiasi, kwani homoni za ujauzito hulegeza viungo na ni rahisi kupitiliza. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu aepuke kuinama sana na kupinda mgongo.

Maumivu ya mgongo yakiambatana na homa, mguu kuishiwa nguvu, au yakianza baada ya kuanguka, muone daktari. Na ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia haja, usivute chochote, usisubiri kesho, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.