Kichocheo Kisichotupwa

Muhula huu kikundi chetu cha Kidato cha Nne kilitengeneza aspirini. Tulichanganya asidi ya salisiliki na anhidraidi ya asetiki, tukadondosha asidi ya salfuriki kidogo iwe kichocheo, kisha tukapasha moto. Tulipotia maji baridi, fuwele nyeupe zikajikusanya. Nilifurahi, lakini swali lilinikera. Tumefundishwa kuwa kichocheo huharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Mbona basi asidi yetu ilikwenda na maji kwenye sinki?

Mwalimu alinijibu kwa habari ya ibuprofeni, dawa ya maumivu iliyovumbuliwa na Stewart Adams na John Nicholson wa kampuni ya Boots, Nottingham, Uingereza. Hataza yake ni ya mwaka 1961, na dawa ikaanza kuuzwa huko 1969. Njia ya kwanza ya kuitengeneza ilikuwa na hatua sita. Katika hatua ya mwanzo walitumia aluminiamu kloraidi. Hiyo kweli huisukuma kazi, lakini hung'ang'ania kile kilichozaliwa kama kupe, na haibanduki ila kwa maji. Nayo ikiguswa na maji huharibika. Kwa hiyo kila pika ilihitaji mzigo mpya, na mzigo wa zamani ukawa taka. Ukipiga hesabu ya hatua zote sita, katika kila kilo 100 za malighafi ni kilo 40 tu ziingiazo katika dawa.

Mwaka 1992 kiwanda kipya kilifunguliwa Bishop, Texas, kwa njia ya hatua tatu. Hapo kichocheo cha kwanza ni haidrojeni floraidi. Huchemka kwenye nyuzi 20 hivi za Selsiasi, basi hufukizwa, hupozwa, na kurudishwa chunguni karibu yote. Cha pili ni nikeli, cha tatu paladiamu, na hizo pia hurejeshwa. Zile kilo 40 zikawa 77.

Msidhani, wasomaji, kwamba faida hiyo haina hatari. Haidrojeni floraidi hula kioo, na ikimgusa mtu huunguza nyama hata mfupa. Maabara yetu haina ruhusa ya kuwa nayo. Ndiyo maana wanakemia wengine hutafuta vichocheo yabisi, kama zeolaiti, ambavyo kazi ikiisha huchujwa kama machicha ya nazi, vikaoshwa, vikatumika tena.