Kifusi cha Mgodi wa Makaa ya Mawe: Tazama Maji Kwanza

Wakazi wa Bonde la Mui hapa Kitui wamesikia mengi kuhusu makaa ya mawe yaliyo chini ya mashamba yao: fidia, ajira, vumbi, kuhamishwa. Jambo ambalo halizungumzwi sana kwenye mabaraza ni mahali kitakapomwagwa kile kisichouzwa. Kila mgodi wa makaa ya mawe hutoa pia mawe, udongo na tope la kuoshea makaa, na vyote hivyo hurundikwa mahali fulani. Mgodi hufungwa, rundo hubaki. Kwa kuwa uchimbaji haujaanza, huu ni wakati mzuri wa kujifunza kutoka kwa waliotangulia.

Kijiji cha Aberfan kiko Wales, nchini Uingereza. Mgodi wa Merthyr Vale ulikuwa ukimwaga kifusi mlimani, juu ya kijiji. Rundo la saba lilianzishwa mwaka wa 1958 juu ya chemchemi. Chemchemi hizo hazikuwa siri. Zilionyeshwa kwenye ramani, na wenyeji walizijua. Mwaka wa 1963 sehemu ya rundo iliteleza, na mwaka huohuo mhandisi wa manispaa aliandika barua kuonya kuhusu tope la makaa lililomwagwa nyuma ya shule. Umwagaji ukaendelea hadi rundo likafikia kimo cha mita 34 hivi.

Oktoba 21, 1966, baada ya wiki tatu za mvua nyingi, wafanyakazi walifika juu asubuhi wakakuta kilele kimedidimia mita 3 hivi. Mmoja wao alitumwa chini kutoa taarifa. Ilipofika saa tatu na robo, rundo liliachia likashuka kama uji mzito, likafunika Shule ya Pantglas na nyumba za karibu. Watu 144 walifariki, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Ni nini hasa kilichotokea? Kifusi hukaa kwenye mteremko kwa sababu chembe zake zinakandamizana kwa uzito wake na kusuguana. Maji yakijaa katika nafasi zilizo kati ya chembe, huanza kuubeba sehemu ya uzito huo, na msuguano hupungua. Kifusi kilichomwagwa tu bila kushindiliwa kina nafasi nyingi. Kikishiba maji kisha kikatikisika kidogo, chembe hujaribu kukaribiana, maji hukosa pa kwenda, na rundo zima hugeuka kuwa kitu cha kumiminika. Mvua ya juu inaonekana na kila mtu. Maji yanayopanda kutoka chini hayaonekani, nayo ndiyo mabaya zaidi.

Kwa hivyo kazi huanza kabla ya lori la kwanza kumwaga. Chemchemi na mikondo ya maji hutafutwa, na mahali penye maji huachwa. Majani na udongo laini wa juu huondolewa, kisha hutandazwa tabaka la mawe magumu ili maji yatakayojipenyeza yapate njia ya kutokea. Upande wa juu huchimbwa mtaro wa kukinga maji ya mlimani. Mkulima yeyote wa Ukambani aliyechimba matuta anaujua mtaro huu, na kanuni ni ileile. Kifusi huwekwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa. Kushindilia kuna faida nyingine: hewa ikizuiwa kuingia, makaa yaliyobaki ndani hayashiki moto yenyewe. Tope la kuoshea makaa halichanganywi humo. Nalo tako la rundo halichimbwi kamwe, hata kama kuna mtu anayehitaji mawe ya kujengea, kwa kuwa ndilo linaloshikilia yaliyo juu.

Rundo linalotaka kuteleza mara nyingi hutoa ishara: nyufa kilele chake kinapoanza kuachana, tako kufura, miti au nguzo kuinama, maji yenye tope kuchuruzika mahali palipokuwa pakavu. Chemchemi iliyokauka ghafla chini ya rundo nayo ni ishara, maana huenda maji yamezibwa ndani.

Baada ya Aberfan, sheria maalumu ya marundo ya migodi ilipitishwa Uingereza mwaka wa 1969. Hata hivyo, Februari 2020, mvua za dhoruba ziliporomosha rundo la zamani huko Tylorstown, Wales, ingawa migodi ya eneo hilo ilikuwa imefungwa kwa miaka mingi. Hakuna aliyeumia. Mtaro usiozibuliwa hujaa, na rundo halijali kwamba mwenye mgodi ameondoka.

Hapa kwetu kuna ugumu mmoja ambao Wales haina. Mito yetu mingi hukauka sehemu kubwa ya mwaka. Mtaalamu akija kupima Agosti ataona korongo kavu na kuliandika hivyo. Mzee anayechunga mbuzi hapo anajua maji hutokea wapi mvua ya Novemba inaponyesha. Tathmini ya athari kwa mazingira inapowasilishwa, sheria inampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni. Ulizeni rundo litakaa wapi, mtaro wake utamwaga wapi, na nani atauzibua baada ya mgodi kufungwa. Kisha waonyesheni wapimaji hayo makorongo, kwa miguu, moja baada ya jingine.