Kabla Kikundi Hakijanunua: Je, Kitu Hiki Kinafunguka?

Somo letu la safari hii linahusu vitu vya nyumbani: taa, majiko, redio, baiskeli. Huenda mtu akasema hayo ni mambo madogo, lakini pesa nyingi za vikundi vyetu zinaishia huko. Ukitembelea mizunguko ya akina mama kutoka Malava hadi Butere, utakuta mwezi huu kikundi kimoja kinawanunulia wanachama thermos, kingine blanketi, kingine taa za sola. Hilo ni jambo zuri. Ila kuna swali moja ambalo haliulizwi mara nyingi pale dukani: kitu hiki kikiharibika, nani atakifungua?

Tuanze na hesabu, maana pesa za kikundi ni jasho la watu. Tuseme kikundi cha watu 20 kinataka taa za sola. Dukani kuna taa ya shilingi 600. Imefungwa kwa gundi, haina skrubu hata moja, na betri yake haipatikani popote sokoni. Inamulika miezi 10, halafu inakufa. Pembeni yake kuna nyingine ya shilingi 1,500. Hiyo inafunguliwa kwa bisibisi, na betri ikichoka, nyingine inapatikana kwa shilingi 300. Ikibadilishwa betri mara moja, inafika miaka 4. (Bei hizi ni za mfano tu. Mkifanya zoezi hili wekeni bei za soko lenu wenyewe.)

Wengi wetu tutaichukua ile ya 600 na kujiona werevu. Lakini hebu gawanyeni. Ya kwanza inakula shilingi 60 kila mwezi. Ya pili, ukijumlisha na betri, ni shilingi 1,800 kwa miezi 48, yaani shilingi 37 na senti 50 kwa mwezi. Katika miaka hiyo 4 mwenye taa ya bei ya chini atakuwa amenunua taa 5 na kutoa shilingi 3,000. Tofauti ni shilingi 1,200 kwa kila mtu. Kwa watu 20 ni shilingi 24,000. Hizo ni mbuzi kadhaa, zimeyeyuka hivi hivi bila mtu kuziona zikienda.

Ubaya unazidi taa ikinunuliwa kwa mkopo wa kikundi. Mkopo ni wa miezi 12, taa ni ya miezi 10. Ile miezi miwili ya mwisho mama analipia giza. Tumeona vikundi vikigombana hapo. Mama anasema halipi kwa sababu taa imekufa. Mweka hazina anasema pesa ni za wanachama, taa haihusiki. Ukiwasikiliza, wote wawili wana haki, na aliyeuza taa hayuko kwenye mkutano.

Je, kwa nini vitu vinakufa mapema hivi? Wengine husema ni bahati mbaya, au ni uzembe wa mwenye kutumia. Mara nyingine ni kweli. Lakini kuna historia ambayo kila mwanakikundi anafaa kuijua. Mwaka 1924 wakubwa wa kampuni za balbu za umeme walikutana mjini Geneva, kule Uswisi. Walikuwemo Osram ya Ujerumani, Philips ya Uholanzi, na kampuni zilizoshirikiana na General Electric ya Marekani. Wakati huo balbu nyingi ziliweza kuwaka saa 1,500, nyingine hata 2,000. Wakubwa hao wakakubaliana kwamba balbu isizidi saa 1,000. Balbu za kila kampuni zilipimwa, na kampuni iliyokutwa na balbu zinazodumu kupita kiasi ilitozwa faini. Mnasikia hayo? Faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu! Mapatano yale yalivunjika wakati wa Vita Vikuu vya Pili, lakini wazo lenyewe halikufa nayo. Kitu kikidumu mno mnunuzi harudi dukani, na asiporudi, kiwanda hakiuzi.

Tusiseme lakini kwamba kila kiwanda kina mioyo mibaya. Gundi ni rahisi kuliko skrubu. Taa iliyozibwa kabisa haiingizi maji ya mvua. Na sisi wenyewe tukifika dukani tunauliza bei tu, basi muuzaji anatuletea kile tunachouliza. Ila matokeo kwa mtu wa kijijini ni yale yale: anashika kitu mkononi ambacho fundi hawezi kukisaidia.

Sasa tuangalie upande wa pili, maana hapa kwetu tuna mifano mizuri kuliko hiyo ya Geneva. Chukueni ile baiskeli nyeusi tunayoiita Black Mamba. Ni nzito, haina mapambo, lakini kila nati yake inaonekana kwa macho. Mnyororo ukikatika unaungwa. Spoki ikivunjika inabadilishwa hiyo moja tu, si gurudumu zima. Spea ya kiwanda hiki inaingia kwenye baiskeli ya kiwanda kile. Kwa sababu hiyo kijana aliyejifunza kazi chini ya mwembe, bila cheti, ameweza kujilisha kwa kurekebisha baiskeli sokoni. Na kazi ya boda boda, iliyoanza huko mpakani Busia, ilianza juu ya baiskeli za namna hiyo. Ingekuwa baiskeli iliyofungwa kwa gundi, isingefika mbali.

Mfano wa pili ni jiko la makaa lenye kauri ndani, ambalo lilibuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wazo likiwa limetolewa kwenye jiko la Thailand. Fundi wa jua kali anakata bati na kuunda mwili wa jiko, mara nyingi kwa mabati ya mapipa yaliyokwisha kazi. Mfinyanzi anachoma kile kipande cha udongo cha ndani. Ni watu wawili, kazi mbili, vipande viwili. Udongo ukipasuka, mama habebi jiko zima kwenda kulitupa. Ananunua udongo peke yake na kuutia ndani kwa saruji kidogo. Sisi wa Kakamega hatuna haja ya kwenda mbali kuwaona wafinyanzi, maana wako pale Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, wakiwa na vyungu vyao. Pesa ya kurekebisha inabaki pale pale mtaani. Ile ya kununua kitu kipya kila mara inasafiri mbali na hairudi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ili uzibe ufa, lazima kwanza uweze kuufikia. Ndiyo maana tunashauri kwamba kabla kikundi hakijalipa, watu wawili watumwe dukani, na mmoja wao awe fundi au awe ameongozana na fundi. Wakigeuze kitu juu na chini. Je, kuna skrubu, na zinafunguliwa kwa bisibisi ya kawaida au zina kichwa cha ajabu ambacho fundi wetu hana chombo chake? Betri inatoka? Ni ya namba gani, na inauzwa na nani hapa Kakamega mjini? Kwenye taa ya sola sehemu inayotangulia kuchoka kwa kawaida ni betri, kwa hiyo taa ambayo betri yake haitoki mmeinunua pamoja na siku yake ya kufa. Ulizeni pia dhamana kwa maandishi. Taa ndogo za sola zilizopimwa na kufaulu viwango vya kimataifa vya ubora hudaiwa kuwa na dhamana ya mwaka mmoja angalau. Muuzaji akisema “hiyo haina shida, nitawasaidia tu”, mwambieni aandike kwenye risiti. Akikataa kuandika, mmeshapata jibu lake.

Na risiti isikae kwa mfuko wa mtu. Iingie kwenye faili la kikundi siku hiyo hiyo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna watu wanaogopa kudai, wakifikiri wanaomba msaada. Hapana. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inasema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo, na kulipwa fidia akipata hasara kutokana na kasoro ya bidhaa. Mtu mmoja akienda dukani na taa yake mbovu anaweza kufukuzwa. Watu 20 wakienda na risiti moja, mambo hubadilika. Hata huko Ulaya watu wamelalamika hadi mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria inayowataka watengenezaji wa vifaa fulani, kama mashine za kufulia, majokofu na simu, kukubali kuvirekebisha kwa bei ya kiasi hata baada ya dhamana kwisha.

Tumesema juu ya pesa. Limebaki lile ambalo halionekani kwenye daftari, yaani takataka. Chungu kikivunjika kinabaki vigae vya udongo tu. Je, taa ya plastiki inabaki kuwa nini? Katika nyumba nyingi tunazotembelea vitu vilivyokufa viko mahali patatu: juu ya kabati vikingoja fundi ambaye haji, kwenye shimo la choo, au nyuma ya jikoni vikichomwa pamoja na maganda. Moshi wa plastiki unaingia kwa watoto wanaocheza hapo. Kinachobaki mvua inakisukuma mtoni, na Isiukhu wetu unaingia Nzoia, na Nzoia unamwaga ziwani Victoria. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, na mtu akitembea sokoni anaona tofauti. Lakini taa, chaja na redio hazimo katika marufuku hiyo. Sheria ya kusimamia takataka ya mwaka 2022 imeweka msingi mwingine: anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini ana wajibu juu yake hata baada ya mnunuzi kuitupa. Ni msingi mzuri. Kwa kijiji cha ndani bado lori la kuchukua takataka ni hadithi, kwa hiyo kitu kisichoingia nyumbani ndicho kisichotusumbua.

Betri tuzitaje peke yake. Betri za sola ndogo, zile za lithiamu, zisitobolewe wala kutupwa motoni, maana zinaweza kuwaka kwa ghafla. Betri kubwa za aina ya gari zina madini ya risasi, na risasi huharibu akili za watoto. Watu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua hilo kwa uchungu. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilichafua mtaa wao hadi kikafungwa mwaka 2014. Wakaenda mahakamani, Phyllis Omido akiwa mstari wa mbele. Mwaka 2020 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukapingwa katika rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Kwa hiyo mtu akipita kijijini akinunua betri kuukuu, msifurahie shilingi zake tu. Mwulizeni anazipeleka wapi. Na kamwe mtu asizivunje nyumbani ili auze risasi yake.

Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, aliunganisha tabia ya kugeuza vitu haraka kuwa takataka na ile ya kuwatupa watu. Sisi tunaliona jambo hilo kwa mafundi. Redio zikiacha kurekebishika, anayekosa kazi ni fundi redio. Tunao vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya kaunti, zile tulizoziita zamani politekniki za kijiji, wanajua kuchomelea na kuunganisha waya, lakini meza zao sokoni ni tupu kwa sababu tunawapelekea vitu visivyofunguka. Kikundi kinaponunua taa 20 za aina moja, zenye betri ya aina moja, fundi mmoja anaweza kuweka betri hizo akijua zitanunuliwa. Wanachama wakinunua kila mtu ya kwake, aina 20, hakuna fundi atakayeweza kuweka spea.

Kwa mkutano wenu ujao tunapendekeza zoezi hili. Kila mwanachama alete kitu kimoja kilichokufa nyumbani kwake. Mwiteni fundi wa soko lenu, mkubaliane naye malipo ya asubuhi moja, kisha mvifungue mbele ya wote. Balbu na vitu vya stima mwachieni fundi avishike mwenyewe, hata kama havijachomekwa ukutani. Kwa balbu hizi za siku hizi mwambieni awaonyeshe vijitaa vidogo vya ndani: mara nyingi vimefuatana kama shanga, kimoja kikiungua mstari mzima unazimika, ingawa vingine ni vizima. Katibu aandike kwa kila kitu kilinunuliwa lini, kwa bei gani, kilidumu miezi mingapi, kilifunguka au kilibidi kuvunjwa, na spea yake inauzwa wapi. Gawanyeni bei kwa miezi, kama tulivyofanya hapo juu. Halafu jadilianeni: ni kipi hatutanunua tena kwa pesa za kikundi? Na mkopo wa kitu ambacho kimekufa kabla ya muda wake, kikundi kitaushughulikiaje? Amueni hilo mapema, kabla halijatokea, na liandikwe katika kanuni zenu. Karatasi ya katibu ikae kwenye faili, na wale wawili watakaotumwa dukani waende nayo.